Abee ya Marehemu Mwajabu

Mpo? Basi msijisumbue kuitika. Zamani msimulizi alisubiri kwanza watu waitike, ajue wako macho, ndipo aanze. Katika nchi yetu hayo tumeshayavuka. Ukiita, mfumo unaitika kwa niaba ya watu, na hata wakiwa wamelala, wamesafiri au wamekufa, shughuli inaendelea. Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Msidhani naogopa, jamani! Jina liko kwenye matengenezo, na tumeombwa tuwe wavumilivu.

Mimi naitwa Siwatu, nauza ndimu na pilipili Soko Kuu. Ni raia mwema, nina cheti kinachosema hivyo, kimegongwa muhuri. Haya ninayoyasema nayasema kwa furaha, maana furaha nayo tumeagizwa tuwe nayo.

Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Mwajabu binti Kombo, muuza nazi. Alichukua nazi kwa wakwezi, akawauzia mahoteli, mashule, wapishi wa harusi, na yeyote aliyepita akitaka tui la mchana. Sasa nazi, kwa msiojua, ni bidhaa ya imani. Ukiitazama huijui. Nzima na mbovu zote zinavaa kifuu kimoja. Mwajabu alikuwa akiiokota, anaitikisa karibu na sikio huku amefumba jicho moja, halafu anatoa hukumu. "Hii inasema," anakupa. "Hii imenyamaza," anaitupa kapuni chini ya meza, hata kama umeshaitolea pesa na una haraka zako.

Na ikitokea umefika nyumbani, umeivunja, umeikuta imeoza, hukuwa na haja ya kugombana na mtu. Unarudi na kifuu tu. Mwajabu anakipokea, anakinusa, anatukana mnazi uliokizaa, anakupa nazi nyingine na pole juu yake. "Kifuu kirudi," ndilo lilikuwa neno lake. Mahoteli yalikuwa yakituma mtu na gunia tupu bila hata salamu ya maandishi, linajazwa, linakwenda. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Kumbe lilikuwa kosa!

Tulilijua kosa letu siku alipokuja Waziri wa Uaminifu, Mheshimiwa Makeke. Alikuja na msafara, na ngoma, na kijukwaa chake mwenyewe, kwa sababu hakuviamini vijukwaa vya soko.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Utafiti wa kina, wa kitaalamu, na wa mara kwa mara, umebaini jambo la kusikitisha. Wanunuzi na wauzaji wa nchi hii wanaaminiana bila kibali. Wanaaminiana ovyoovyo! Wanaaminiana kwa kujuana! Ati mtu ananunua nazi kwa sababu imetikiswa! Tangu lini sikio la mtu likawa chombo cha Serikali?"

Tukapiga makofi. Mwajabu naye akapiga, maskini.

"Kuanzia leo," akaendelea Mheshimiwa, "uaminifu utatolewa na Wizara, kwa njia ya kidijitali, kwa usawa, mjini na vijijini. Asiyeupata atangoja awamu ya pili."

Mfumo ulikuwa na jina refu lililojaa ubao mzima wa lango la soko, na lilipofupishwa likawa refu zaidi. Sisi tuliuita Mwito. Kila meza ilifungiwa kisanduku chenye spika na taa. Asubuhi Mwito unaita jina lako, wewe unaitika, mashine inaitambua sauti yako, taa inawaka kijani. Mnunuzi aliyeko mbali, anayeagiza kwa simu, anaiona ile kijani, moyo wake unatulia. Usipoitika, taa inakuwa nyekundu, na siku hiyo huuzi hata jani la mgomba.

Tulipata taabu, wallahi. Mtu yuko chooni, jina linaitwa. Mtu anagombana na mteja, jina linaitwa, anaitika kwa hasira, mashine inasema mwenye hasira hii hatumjui. Mzee Faki muuza samaki alipata mafua, na kwa muda wote wa mafua yake akahesabiwa kuwa ni mtu mwingine anayejifanya Mzee Faki. Samaki wake wakaoza mbele ya taa nyekundu.

Tukalalamika. Wizara yetu ni sikivu, lazima niseme. Wakaja wataalamu na dawa: kila muuzaji arekodi mwitiko wake mara moja tu, mwanamume aseme "Naam", mwanamke aseme "Abee". Baada ya hapo Mwito ukituita, Mwito wenyewe utatuitikia. Unajiita, unajijibu, unajiamini. Mheshimiwa Makeke akasema redioni kwamba huo ndio uaminifu usio na usumbufu, na kwamba nchi jirani zimeshaanza kutuonea kijicho.

Siku ya kurekodi tulipanga foleni. Zamu ya Mwajabu ilipofika, nikamnong'oneza nyuma ya shingo kwamba mtaalamu kavaa suruali na kusahau kufunga zipu. Akaambiwa, "Sema." Akasema, "Abee!" na kicheko kidogo kikamponyoka mwishoni, kile chake cha puani.

"Nirudie?" akauliza.

"Imepita," akasema mtaalamu, na sisi tukacheka mpaka tukafukuzwa.

*

Mwajabu aliugua homa. Ilianza kwa kuumwa kichwa, akasema atapumzika kidogo, na hakuinuka tena. Tulimzika alasiri, soko zima lilikwenda. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa sina hata sauti ya kuwaambia watu asanteni.

Kesho yake nilikwenda kazini, maana pilipili haina matanga. Meza yake ilikuwa imefunikwa kanga. Napanga ndimu zangu, macho yamevimba, Mwito ukaanza kuita majina. Ukamaliza la kwangu, ukajijibu. Halafu:

"Mwajabu binti Kombo!"

"Abee!"

Na kile kicheko.

Ndimu zote ziliniponyoka. Mzee Faki aliweka kisu chini polepole, akabaki ameishika meza. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "Innalillahi" kwa sauti ya kuazima. Juu ya kanga ya marehemu taa ilikuwa inawaka kijani.

Tulijaribu kukizima kile kisanduku. Hakizimiki. Kina betri yake ndani, na kukichomoa ni uhaini mdogo, umeandikwa kwenye kanuni baada ya uhaini wenyewe. Tukakifunika kwa gunia. "Abee!" ikatoka ndani ya gunia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tukalitoa gunia.

Ngwali, mumewe, hakuwa na habari kwa sababu alikuwa bado kwenye matanga. Ngwali alikuwa mkwezi enzi zake, tena mkwezi hodari, mpaka alipoanguka mnazini na mguu mmoja ukabaki wa kuburuta. Matanga yalipoanuliwa alikuja sokoni kuchukua kapu la mkewe. Nilimwona kwa mbali, nikataka kumkimbilia nimzuie. Nilichelewa. Mwito uliita, na Mwajabu akaitika.

Ngwali alivua kofia.

"Mwajabu?" akasema.

Kisanduku kimya. Akaita tena, taratibu, kama mtu anayeita mlangoni kwa watu asiowajua. Kimya. Mwito haumjibu mtu. Unajijibu wenyewe tu.

Akawa anakuja kila asubuhi. Sitawaficha, mwanzoni alikuja kwa sababu alitaka kumsikia. Anasimama, anasikia ile abee moja, anakwenda zake. Nilimwonea huruma nikamwekea kigoda. Siku moja akakaa, akaniambia:

"Shemeji, siku ile anakata roho nilimwita. Nilimwita sana. Hakuniitika. Hawa wakimwita anaitika."

"Ni mashine hiyo, shemeji. Si yeye."

"Kicheko kile ni cha nani?"

Ningesema nini? Kwamba kicheko kilitokana na zipu?

"Mtu akiitwa haendi," akasema Ngwali. "Hata mtoto anajua. Ukimwita mtu njiani, anasimama, anageuka. Mke wangu kila siku anaitwa, kila siku anageuka. Atafika lini huko anakokwenda? Mimi nataka waache kumwita. Sina jambo jingine ninalolitaka kwa Serikali."

*

Tukaenda Wizarani, mimi na yeye. Wizara ya Uaminifu ina mlango mmoja wa kuingilia na walinzi wa kuhakikisha kwamba unayesema ndiye wewe. Mara ya kwanza tuliambiwa mfumo uko chini. Tukarudi, tukaambiwa mfumo umepanda lakini mwenye mfumo yuko semina. Hatimaye tukafikishwa kwa Afisa wa Mwito, mwanamke mmoja nadhifu aitwaye Tunu, mwenye miwani na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani.

"Nani anasema amekufa?" akauliza.

"Mimi, mumewe. Nimemzika."

Akabofya. "Wewe humo kwenye mfumo, baba. Yeye yumo. Kwa hiyo tukienda kwa utaratibu, mwenye mashaka ya uhai ni wewe."

"Nina cheti cha kifo."

"Hicho ni cha Wizara nyingine. Mfumo wao na wetu haisalimiani." Akasema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Akaunti hufungwa na mwenyewe, kwa sauti yake. Hebu tumuulize." Akasogea kwenye kipaza, akasafisha koo. "Mwajabu binti Kombo! Je, umekufa?"

"Abee!"

Chumba kizima kikasikia na kicheko chake. Afisa Tunu akatufungulia mikono. "Mmemsikia wenyewe. Tena mchangamfu."

"Dada," nikasema, na hapo hasira zimenipanda mpaka kwenye nywele, "abee si ndiyo wala si hapana! Ni kusema nimesikia unaniita, haya sema unachotaka! Umelelewa wapi wewe usijue?"

"Najua, mama. Lakini kwa mfumo, aliyesikia yuko hai."

Ngwali alikuwa anakitazama kile kipaza. Ilibidi nimshike mkono ndipo akainuka.

*

Sasa hapa ndipo nchi yetu inapostahili pongezi, kwa sababu hakuna kinachopotea. Mwajabu, tangu afe, alikuwa muuzaji bora kuliko alivyokuwa hai. Haugui. Hachelewi. Hapandishi bei. Hana maneno. Hakukuwa na lalamiko hata moja juu yake, na nyota zake katika mfumo zikapanda mpaka zikapita za wauzaji wote walio hai. Mahoteli yakawa hayataki nazi isipokuwa ya Mwajabu. Mnunuzi anafungua simu, anabonyeza jina, anasikia "Abee!", roho yake inatulia, anaagiza.

Na nazi zenyewe? Wizara ilikuwa na marafiki wenye maghala. Siwajui, na kama nawajua siwajui. Nazi za ghalani, zilizokaa mpaka zikasahau mti, zikafungwa kwenye makasha mazuri yaliyoandikwa NAZI ZA MWAJABU. Kuzitikisa kukakatazwa. Kutikisa, alieleza Mheshimiwa Makeke, ni kutilia shaka, na kutilia shaka nazi iliyoaminiwa na Serikali ni kuitikisa Serikali yenyewe.

Vifuu vikaanza kurudi.

Havikurudi Wizarani. Watu walimpenda Mwajabu, wangemlalamikia vipi kwenye spika? Walivifunga kwenye mfuko, wakavipeleka nyumbani kwa mumewe kimyakimya. Wa kwanza alikuwa Bi Maulidi, mpishi wa harusi, aliyekuwa akinunua kwa Mwajabu tangu wote wakiwa wasichana. Mimi nilikuwepo, nimepeleka uji.

"Ngwali," akasema, amesimama kizingitini na kile kifuu kinachonuka mpaka uani, "nieleze tu nielewe. Hii ni ya Mwajabu? Mwajabu huyuhuyu?"

Nilidhani atasema hapana, ni ya Wizara. Ndiyo kweli, na kweli haimdhuru mtu ndani ya nyumba yake. Lakini Ngwali alikipokea kile kifuu kwa mikono miwili.

"Kifuu kirudi," akasema. "Pole, dada." Akaingia ndani, akamletea nazi nzima.

Walikuwa na minazi yao michache nyuma ya nyumba. Vifuu vilipozidi, nazi za akiba zikaisha, na siku moja nilikwenda nikamkuta Ngwali yuko juu ya mnazi. Kwa mguu ule! Nilipiga kelele mpaka jirani wakatoka. Aliteremka kifua kimechubuka chote, anahema, na nazi zake chini zimetawanyika.

"Utakufa, shemeji! Unataka na wewe wakuweke kwenye kisanduku?"

Akakaa chini, akanitazama. "Jina lake ndilo lililobaki huku nje, shemeji. Mwili tumeufukia. Hili nikiliacha lioze, nitakuwa nimemlinda kwa nini miaka yote?"

Nikamsaidia kuziokota nazi. Zile alizoziangusha alizitikisa moja moja, kama alivyokuwa akifanya mkewe, jicho moja kafumba. Nililia njiani kurudi nyumbani, na sikuwa na wa kumlaumu ambaye angenisikia.

*

Basi ikaja barua yenye utepe. Kwa kutambua utumishi wake uliotukuka, Mwajabu binti Kombo anateuliwa kuwa Sauti ya Uaminifu ya Taifa. Kuanzia siku ya sherehe, muuzaji yeyote nchini ambaye wanunuzi hawamwamini atapewa abee ya Mwajabu aitumie. Sauti hiyo itakuwa mali ya umma, haitafutika, haitahamishwa, na warithi wanapongezwa.

"Haitafutika," Ngwali akarudia, akakunja ile barua ikawa ndogo kabisa.

Tukarudi kwa Afisa Tunu. Safari hii alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akainuka akafunga mlango. Kisha akazungumza chini chini, na hakuna kitu cha kutisha kama afisa anayezungumza chini chini.

"Mama, baba, mimi pia nina mzazi aliyekufa. Nawaambia kweli. Mfumo huu hauna mlango wa kutokea wafu. Wataalamu walisahau kuuweka, na kukiri wamesahau hawawezi. Una mlango mmoja tu wa kutokea."

"Upi?"

"Wa walaghai. Muuzaji akishtakiwa kwamba alidanganya wateja kwa makusudi, akashtakiwa na watu wengi waliomjua, kwa majina yao na kwa sauti zao, mfumo unamfuta hapohapo. Jina, picha, sauti, kila kitu. Mnacho kipaza cha malalamiko pale langoni kwenu. Lakini iwe kabla ya sherehe."

Ngwali alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

"Yaani nikitaka alale," akasema, "niseme alikuwa mwizi."

Afisa Tunu akavaa miwani yake. "Mimi sijasema kitu," akasema, na kweli, mfumo ulikuwa haujasikia.

Ngwali hakutaka. Tulikaa barazani kwake, mimi na Mzee Faki na Bi Maulidi, hakuna aliyemlazimisha. "Nimepanda mnazi kwa ajili ya jina hili," alikuwa akisema. "Nilichafue kwa kinywa changu?" Bi Maulidi akasema jina si maiti, litasafika. Mzee Faki akasema hajaona jina lililosafika katika nchi hii. Tukaagana hivyohivyo.

Asubuhi iliyofuata Wizara ikafanya majaribio ya sherehe sokoni kwetu.

Mwito ukaita jina la Mzee Faki, mwenye ndevu zake mpaka kifuani. "Abee!" kikaitika kisanduku chake. Ukaita jina la muuza nyama. "Abee!" Ukaniita mimi, Siwatu, niliyesimama pale na ulimi wangu kinywani, na kisanduku changu kikasema "Abee!" kwa sauti ya rafiki yangu, na kikacheka kicheko nilichomtoa mimi mwenyewe. Halafu wakabonyeza vyote kwa pamoja kupima nguvu ya spika. Soko zima likawa linaitika. Kwenye ndizi, kwenye mchele, kwenye mitumba, juu ya paa, "Abee! Abee! Abee!" na vile vicheko vinapishana, na hapana hata mwanamke mmoja aliyekuwa amefungua mdomo. Wateja wakatupa vikapu wakakimbia. Mimi nilijishika masikio, na bado nikamsikia.

Ngwali alikuwa amekaa chini, kati ya meza mbili, amejiziba uso kwa kofia. "Wanamtesa," alikuwa anasema. "Jamani wanamtesa mke wangu." Kisha akainuka, akauburuta mguu wake mpaka langoni kwenye kipaza cha malalamiko, ambacho tangu kiwekwe hakuna aliyekigusa.

"Mimi Ngwali bin Haji," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye visanduku vyote. "Mke wangu aliuza nazi mbovu, na alikuwa anajua."

Alilisema wazi, bila kukwama. Nadhani alikuwa amejizoeza nyumbani, na kufikiri hivyo kuliniumiza zaidi.

Nyuma yake akasimama Bi Maulidi. Mwajabu alimpa nazi za harusi ya bintiye bure, na Bi Maulidi alizipika huku akimwombea dua. "Aliniharibia harusi ya mwanangu," akasema, machozi yakamfika kidevuni. Akaja Mzee Faki: "Alikuwa mlaghai." Akaja muuza nyama. Wakaja wapishi wa mahoteli, wakwezi, walinzi wa usiku aliokuwa akiwapa vifuu vya kuwashia moto. Kila mmoja alitaja jina lake, akamtukana, akapisha mwenzake.

Zamu yangu ilipofika nilitaka kukimbia. Mwajabu aliniuguza nilipojifungua, alinifulia, aliniogeshea mtoto. "Alikuwa jirani mbaya," nikasema. Ndilo nililoweza. Mpaka leo nikila, nausikia uchungu wa neno lile.

Taa juu ya meza yake ikawa nyekundu, kisha ikazimika. Baada ya kitambo Mwito, uliokuwa bado unafuata orodha ya asubuhi, ukaita, "Mwajabu binti Kombo!" na sisi sote tukasimama pale tulipo, mikono juu ya vifua.

Kimya. Ukaita tena. Kimya.

"Haya, mke wangu," akasema Ngwali. "Nenda."

Siku ile hatukuuza kitu. Tulikaa tukalia, na lilikuwa ni lile lililobaki la msiba, ambalo tulikuwa hatujapewa nafasi ya kulilia.

*

Mlidhani Wizara ilifedheheka? Hamuijui. Sherehe ilifanyika siku ileile iliyopangwa, na Mheshimiwa Makeke alipanda kijukwaa chake akiwa anang'aa.

"Ndugu wananchi! Mmeona nguvu ya mfumo wenu! Hata yule aliyeaminiwa kuliko wote, mfumo umemfichua! Na nani aliyemfichua? Mumewe! Huyu, ndugu zangu, ndiye mnunuzi tunayemtaka. Mkweli, jasiri, asiyeangalia uso wa mtu!"

Ngwali hakuwepo. Alikuwa kaburini kwa mkewe, anaomba radhi, na sisi tulikuwa tumekwenda kabla yake kuomba ya kwetu.

Tangu siku hiyo, Mwito kabla ya kuanza kuita majina hutoa kwanza Sauti ya Mnunuzi Mkweli, katika masoko yote ya nchi, ili wauzaji wapate mawaidha. Asubuhi ya kwanza Ngwali alikuwa amekaa kwenye kigoda nilichomwekea, anakunywa kahawa, uso wake umetulia kidogo kwa mara ya kwanza. Spika zikakwaruza, na akatoka yeye mwenyewe:

"Mke wangu aliuza nazi mbovu, na alikuwa anajua."

Kikombe kilimtoka mkononi. Sikuweza kumtazama. Hakuna aliyeweza. Mwajabu tulikuwa tumemtoa, kumbe tulikuwa tumemwachia Ngwali nafasi yake ndani ya kisanduku, na yeye ni mzima, anajisikia.

Mzee Faki ndiye aliyeanza. Alikuwa amempa kisogo, anapara samaki, na hakugeuka. "Hasha!" akasema, kwa sauti nene ya mtu anayemkanusha shahidi wa uongo.

"Hasha!" akasema Bi Maulidi kutoka kwenye mchele.

"Hasha!" nikasema mimi, na ulimi wangu ukawa mwepesi.

Kesho yake tulisema wengi zaidi. Sasa ni soko zima, wauzaji na wanunuzi, na nimeambiwa masoko mengine pia, ya miji ambayo hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kula nazi ya Mwajabu. Taarifa ya Wizara inasema wananchi wanaipokea Sauti ya Mnunuzi Mkweli kwa mwitiko mkubwa, na Mheshimiwa Makeke, aliyepita na gari lake vioo vimefungwa, alituona tumefungua midomo akatupungia mkono.

Ngwali haachi kuja. Anafika mapema, anasimama kando ya meza iliyofunikwa kanga, anasubiri spika ikwaruze. Sauti yake inatoka kwenye visanduku vyote, inamsema mkewe. Anaiacha imalize, kwa adabu, halafu kabla hata Mzee Faki hajavuta pumzi, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, anajijibu.

"Hasha!"

Nasi tunamfuata, kisha tunafungua biashara.